Jiko la Mtu Mmoja

Miezi minne baada ya kustaafu, Bwana Stoo alikuwa amekwisha kuvuruga amani ya jiko ambalo mkewe alilitawala miaka thelathini na moja bila mpinzani.

Jina hilo la Bwana Stoo hakupewa na wazazi wake. Alilipata kazini, kwenye stoo ya hospitali, alikotunza mashuka, sabuni, ndoo na glavu. Hakuna kitu kilichotoka mlangoni pake bila fomu. Hata mganga mkuu alipanga foleni dirishani kama wengine. Alipostaafu walimshukuru, wakapiga makofi, naye akarudi nyumbani na tabia yake nzima nzima. Juma la kwanza alilala. Juma la pili akaingia jikoni, akayapanga makopo kwa urefu, akabandika karatasi kila kopo. Mkewe alipotia mkono kwenye chumvi, akasikia sauti nyuma yake:

"Hiyo chumvi umetoa vijiko vingapi?"

"Vya kukujaza mdomo," mkewe akajibu, "ili unyamaze."

Jiko lenyewe lilikuwa refu na jembamba kama mkono wa shati. Mlango upande huu, dirisha upande ule, na katikati kuta mbili ambazo mtu mzima akinyoosha mikono anazigusa zote kwa viganja. Rafu zilikuwa zimepinda, mlango wa kabati la sinki ulifungwa kwa kamba, na dari lilikuwa limekula moshi hadi likasahau rangi yake. Nje nako hakukuwa na nafuu. Plasta ilipasuka chini ya madirisha, na ukungu ulikuwa umepanda ukutani hadi usawa wa goti. Kwa hiyo mume na mke wakakubaliana: jiko livunjwe lijengwe upya, na nje nyumba ikwanguliwe, ipakwe rangi, irudi kuwa nyumba.

Walishindwana jambo moja tu. Mke alitaka makabati upande mmoja, upande wa sinki, na ukuta wa pili ubaki mtupu wenye ndoano za kutundikia sufuria. Bwana Stoo alitaka makabati pande zote mbili. Kwake yeye ukuta mtupu ni kama mfanyakazi anayelala zamu.

Siku ya kupima alikuja mdogo wake mke, fundi seremala, mtu wa maneno mengi na penseli isiyobanduka sikioni.

"Shemeji," alisema akiwa amepiga magoti na futi yake, "upana wa humu ni sentimita mia na sabini. Nikiweka kabati la hamsini na tano huku, na la hamsini na tano kule, unabaki na sitini. Toa vishikio vya droo. Halafu tuje kwenye hilo tumbo lako, ambalo halimo kwenye ramani."

"Tumbo langu niachie mwenyewe. Wewe pima mbao."

"Akiingia mmoja, wa pili hapiti," mke akasema kutoka mlangoni. "Nakwambia mapema."

"Kwani jikoni kunapita maandamano? Mmoja anatosha. Mafahali wawili hawakai zizi moja."

Mkewe akamtazama muda mrefu kidogo. Angekuwa mtu mwingine angeogopa, maana mama yule akibishana hakuna neno. Ukimwona amekubali, ndipo ujiulize umekosea wapi.

"Haya," akasema taratibu. "Mmoja. Mdogo wangu, umesikia? Andika hivyo hivyo."

Fundi akaandika kwenye kipande cha ubao, uso ameugeuzia ukutani asije akacheka.

Kazi ilichukua wiki mbili na nusu. Makabati ya zamani yalitolewa, dari likapigwa msasa, mabomba yakabadilishwa, na mapishi yote yakahamia barazani, kwenye jiko dogo la gesi lililowekwa juu ya tofali mbili. Mke alikaa kwenye kigoda. Bwana Stoo alikuwa hapo hapo nje na chuma bapa mkononi, akikwangua rangi kuukuu iliyokuwa ikimdondokea kichwani kama mba. Aliosha ukungu, akaziba nyufa, akapaka rangi mikono miwili. Rangi alichagua mwenyewe: juu rangi ya maziwa, chini mkanda wa kahawia wa mita nzima, ili matope ya mvua yasionekane.

"Umeipaka kama bohari," mkewe akamwambia.

"Inapendeza ukiwa barabarani."

"Nyumba njema si mlango, bwana. Njoo unishikie hii sufuria."

Ndivyo ilivyoanza. Aliitwa kushika sufuria, akaitwa kumenya vitunguu saumu, mara akajikuta naye ana kigoda chake. Na huku wanamenya, mkewe akawa anasimulia. Alisimulia siku kifungua mimba wao, akiwa na miaka saba, alipochoma pazia la sebuleni akicheza na kiberiti. Jinsi yeye na jirani walivyoshona pazia jipya kwa saa tatu, baba mtu akarudi kazini, akaketi chini yake, akala, akalala bila kujua.

"Lile pazia la maua? Mimi nililisifu lile!"

"Ulilisifu. Ukasema, hili pazia linadumu."

Bwana Stoo alicheka mpaka vitunguu saumu vikamtoka mapajani. Miaka thelathini na moja nyumba yake ilikuwa na mambo, na yeye hakuwa na habari. Ndipo alipogundua kitu ambacho mume mwingine angekigundua mwaka wa kwanza: mkewe husimulia mikono ikiwa kazini. Mweke kwenye kochi jioni, atasinzia kabla hujamaliza kumuuliza hali. Mpe kisu na karoti, utasikia historia ya ukoo mzima.

Alifurahi siku hizo, ila hakuona uhusiano wowote kati ya furaha hiyo na makabati. Akili yake ilikuwa nzuri kwa mashuka.

Jiko likakamilika. Lilipendeza, tusiseme uongo. Makabati meupe kushoto na kulia, droo zinazoteleza zenyewe, vigae vya kijivu chini, dari jeupe. Bwana Stoo alijaza upande wa kushoto kwa mikono yake, akajifuta jasho. Saa sita mchana mkewe akaingia kupika. Naye akaingia kumenya. Akafika hatua ya pili, mkewe akavuta droo, droo ikamgota kwenye tumbo, akarudi nyuma, kishikio cha kabati kikamkamata mfuko wa suruali kwa nyuma. Akasimama hapo kama nguo kwenye kamba.

"Unatafuta nini humu?" mkewe akauliza, hata hajageuka.

"Nimekuja kusaidia."

"Jiko ni la mtu mmoja. Liko kwenye ubao, na fundi ni shahidi."

"Basi nisimame hapa mlangoni."

"Simama. Ila mlangoni ni pa kusubiri, si pa kuzungumza. Sufuria inachemka, sikusikii."

Siku ya pili ikawa hivyo, na ya tatu. Aliyewasimamisha watu dirishani miaka thelathini sasa alisimama yeye, akinyoosha shingo kuomba kikombe. "Kaandike fomu," mkewe akamwambia, akaendelea kukoroga. Alipotoka na chakula, kilikuwa kitamu, lakini hakikuwa na maneno. Jioni kwenye kochi Bwana Stoo alijaribu: "Enhe, na yule jirani aliyeshona pazia, ikawaje?" Akajibiwa kwa mkoromo.

Hapo roho ilianza kumuuma. Aliziona siku zake za mbele zote zimepangwa mstari: yeye sebuleni, mkewe jikoni, na kati yao sentimita sitini zisizopitika. Kusema amekosea hakuweza. Katika stoo yake mtu hakukosea. Aliyekosea alikuwa mgavi aliyeleta bidhaa. Kwa hiyo akatafuta njia ya pembeni. Alichukua brashi na ndoo ya rangi, akazunguka nje hadi dirisha la jikoni, akaanza kupaka upya ukuta uliokwisha kupakwa.

"Hapo si ulipaka?" mkewe akauliza kutoka ndani.

"Pamekauka vibaya. Enhe, ulikuwa unasema nini?"

"Sikuwa nasema kitu."

Lakini baada ya muda, kisu kikigonga ubao, alisema. Neno moja, mawili, kisha hadithi nusu. Kesho yake Bwana Stoo akapaka mkono wa nne. Keshokutwa wa tano. Mvua ikinyesha, hakuna hadithi. Mkewe akienda upande wa sinki, sauti inapotea, naye huingiza kichwa dirishani, brashi inadondosha rangi kwenye viatu vyake. Ukuta kuzunguka dirisha lile ukawa unang'aa peke yake, mnene kama umevaa koti, na nyumba nzima ikaonekana chafu kando yake.

Muuguzi wa nyumba ya pili, aliyewahi kunyimwa glavu na Bwana Stoo, akapita akasimama.

"Mzee, huo ukuta unaumwa nini? Kila nikipita unaupaka dawa."

"Nenda zako kazini."

"Naenda. Ukizidiwa ulete, tutaulaza."

Ndani mkewe alicheka hadi akashika sinki. Alikuwa anajua, alijua tangu mkono wa nne. Lakini hakusema njoo. Aliyeuchimba mtaro na aufukie mwenyewe.

Jumamosi fundi alirudi kurekebisha droo moja iliyokuwa inakwama. Alikuwa amechuchumaa jikoni, dada yake amesimama nyuma yake, Bwana Stoo mlangoni, mahali pake pa kusubiri.

"Shemeji," Bwana Stoo akasema ghafla, "toa."

"Nitoe nini? Droo?"

"Kabati. Upande huu wa kushoto. Lote."

Fundi akaishusha penseli sikioni, akaitazama, akairudisha. "Hili nililolipiga gundi na parafujo arobaini?"

"Ulipaswa kunikataza."

"Nilikukataza! Dada alikukataza! Hata futi ilikukataza!"

"Litolewe kwa nini?" mke akauliza kwa sauti ya mtu asiyejua kitu. "Vitu vimekaa vizuri. Mwenyewe ulisema mmoja anatosha."

Bwana Stoo akamtazama shemeji yake. Fundi alikuwa ameacha kazi kabisa, amekaa chini, amekunja miguu kama mtu aliyeletewa chai.

"Nilikosea."

"Sema vizuri, mdogo wangu ana nta masikioni."

"Nilikosea, mke wangu! Makabati ninayo, ila sina pa kusimama. Nataka kuwa humu na wewe. Nimechoka kuongea na dirisha."

Fundi, ambaye alikuwa na utani mwingine tayari mdomoni, akaumeza na kuanza kuhesabu parafujo. Mke akajifuta mikono kwenye aproni, ingawa ilikuwa mikavu.

"Litoe," akamwambia ndugu yake. "Na uangalie usinichubulie ukuta."

Lilitoka kwa shida, mpaka saa kumi. Walilibeba vipande vipande hadi chumba cha mtoto aliyeolewa, Bwana Stoo akaruhusiwa huko kubandika karatasi apendavyo. Lakini jikoni lilibaki jambo. Vigae havikuingia chini ya kabati. Yeye mwenyewe ndiye aliyeamuru hivyo, visiharibiwe pasipoonekana. Sasa kando ya ukuta wa kushoto ulibaki mstari mrefu wa saruji tupu, mbaya, wenye madoa ya gundi. Akakimbia dukani, akaambiwa aina ile imekwisha. Akarudi ameshika vigae viwili vya kijivu kingine, akiviweka na kuviondoa, jasho linamtoka.

"Havifanani. Mtu akiingia ataona tu."

"Na aone," mkewe akasema. "Wewe simama hapo hapo kwenye saruji, nami nibaki kwenye vigae. Hivyo kila mtu ajue mpaka wake."

Akampa ubao, kisu na kitunguu. Bwana Stoo akakata kwa uangalifu mkubwa, kila kipande akikipima na mwenzake. Mkewe alimaliza nyanya, akamaliza karoti, akabandika mafuta, akageuka.

"Baba, hicho kitunguu unakikata au unakihoji?"

"Nataka vilingane."

"Vikifika tumboni vitalingana. Sogea, nina moto."

Akapita nyuma yake na sufuria, akambana kidogo ukutani kwa makusudi, akapita. Alipofika sinki alikuwa amekwisha kuanza:

"Sijakwambia ya shangazi yako na yule fundi cherehani?"

"Bado."

"Basi kata taratibu, ni ndefu."