Samaki wa Watu Wawili

Mama yangu alipokufa, mchuzi wa samaki wa mgahawa wetu ulikufa naye. Mimi sikulitambua hilo mapema. Wateja ndio walilitambua. Walimaliza wali, wakaacha samaki, wakasema wameshiba.

Samaki wetu ni yule mrefu, mwembamba, anayeng'aa kama mkanda wa bati. Anapangwa juu ya vipande vya figili, anatiwa pilipili na kitunguu saumu, anachemka polepole mpaka mchuzi unakuwa mzito. Mama alizaliwa Mokpo, pwani. Alipoolewa huku kwetu Jecheon, milimani, alikuja na upishi huo. Hakuuandika popote, maana hakujua kuandika. Mimi niliacha shule mapema nikaenda kubeba saruji, kwa hiyo simlaumu.

Mke wangu alipika pembeni yake miaka kumi na minane. Anajua kila kitu alichomwona mama akitia sufuriani. Bado ladha haikuja, na kwa miaka miwili nilimwambia kwamba tatizo ni mkono wake.

"Basi pika wewe," aliniambia.

Nikapika. Ikawa mbaya zaidi.

Mwezi wa tatu akaniambia watu wa kuku wa kukaanga wanakuja Jumatatu kupima jiko letu. Wakiridhika, tunabadilisha kibao, tunauza kuku wao.

"Na mchuzi wa mama?" nikauliza.

"Mchuzi gani, baba Eun-ho? Uliwahi kuuona tena?"

Wiki hiyohiyo dereva mmoja wa lori la saruji, mteja wetu wa zamani, akaniambia amekula kwenye mgahawa fulani nyuma ya stesheni ya Mokpo, akadhani mama amefufuka. Jumamosi asubuhi nikapanda treni. Nilibadilisha treni Osong, nikalala njia nzima, nikashuka mwisho wa reli saa kumi jioni.

Sikuuliza njia. Nilifuata pua. Mgahawa wenyewe una meza sita, na mlangoni alisimama mama wa miaka sabini hivi, aproni imeloa, anahesabu watu kwa kidole.

"Wangapi?"

"Mmoja, mama mkubwa."

"Samaki ni kuanzia wawili."

"Nipikie wa watu wawili. Nitakula wote."

Akanitazama tumbo. "Hutamaliza. Sipiki chakula cha kumwaga. Nenda kale tambi pale ng'ambo."

Nilitaka kubishana, lakini ningebishana na nini? Tangazo la "kuanzia watu wawili" liko ukutani kwangu pia. Nililiandika mwenyewe kwa kalamu nyekundu. Nimewarudisha mlangoni madereva, wajane, hata askari mmoja siku ya mvua. Na bado nilivuka nchi nzima peke yangu kwenda kula samaki. Mke wangu angenicheka mpaka Jumatatu.

Nilizunguka nyuma nikachungulia dirisha la jiko. Figili, pilipili, saumu. Vilevile kama kwetu. Mama yule akafunga dirisha.

Nikachukua chumba kwenye nyumba ya wageni inayotazamana na mgahawa. Mwenyewe ni mzee Gil, mfupi, amevaa soksi za sufu. Nikamsimulia.

"Mimi nina miaka minne sijala pale," akasema. "Tangu mke wangu afe. Naishia kunusa kutoka dirisha hili."

"Miaka minne hujapata mtu wa kula naye, mzee?"

"Nimempata leo. Unakoroma?"

"Kukoroma kunahusiana nini na samaki?"

"Kunahusiana na chumba nitakachokupa."

Kesho yake, kabla ya saa tano, tulikuwa wa kwanza mlangoni. Mzee Gil alikuwa amevaa koti la harusini. Yule mama alitutazama mmoja mmoja.

"Gil. Umefufuka?"

"Tupo wawili," akasema mzee Gil, akaingia kwa kifua mbele.

Sufuria ikaja inachemka. Nilianza na figili, maana figili ndiyo inayosema ukweli. Nikatafuna. Dereva hakukosea. Ilikuwa ladha ya mama yenyewe. Mzee Gil alikuwa anatoa miiba na kuipanga ukingoni mwa sahani, upande wa pili, kama anamtolea mtu mwingine.

Lakini ladha peke yake haikunisaidia kitu. Nilitaka kujua inatoka wapi. Nilionja mchuzi mtupu, nikaonja wali wenye mchuzi, nikalamba kijiko. Kulikuwa na kitu chini ya pilipili, kitu kizito, na sikukijua jina.

Nikaomba choo. Choo kiko uani, na uani kuna mitungi minane ya udongo. Nilipopita wa mwisho nikasimama. Harufu ile. Naijua tangu utotoni. Nilikuwa naziba pua nikipita uani kwetu, nikimwambia mama kuna panya kafia mtungini, na yeye ananipiga kibao cha mgongo.

"Unatafuta nini kwenye mitungi yangu?" Yule mama alikuwa nyuma yangu, na kata mkononi.

"Hii ni nini, mama mkubwa?"

"Matumbo ya samaki huyohuyo. Yamevundikwa kwa chumvi miaka miwili. Kijiko kimoja kwenye mchuzi, basi." Akafunika. "Kwenu hamna?"

"Ulikuwepo mtungi. Mama alipokufa, mtu aliumwaga."

"Mpumbavu gani huyo?"

"Mimi. Nilidhani yameoza."

Hakucheka mara moja. Kwanza alikaa juu ya ndoo. Kisha akacheka mpaka akafuta macho kwa aproni, akamwita mzee Gil aje asikie, nikarudia yote. Mke wangu aliujua mtungi, lakini hakujua kwamba unatiwa kwenye mchuzi, maana mama alikuwa anatia kijiko kile alfajiri, kabla mtu hajaamka. Na mimi nilimwaga siku mke wangu yuko kwao. Miaka miwili nimeulaumu mkono wake.

Yule mama akanijazia chupa, akaifunga kwa mifuko saba. "Hii ni ya kuanzia. Yenu mtavundika wenyewe. Na ukija tena, uje na mkeo."

Mifuko saba haikutosha. Kabla treni haijafika Gwangju abiria wa pembeni yangu alihama. Mwingine akaniuliza kwa upole kama nina mgonjwa. Nikamwambia ni chakula. Akahama naye.

Nilifika nyumbani jioni. Mke wangu alikuwa anasugua jiko kwa ajili ya watu wa kuku. Akainua kichwa kabla sijavua viatu.

"Hiyo ni harufu ya mtungi wa mama," akasema. "Ule uliosema umevunjika."

"Haukuvunjika. Niliumwaga. Kilichokosekana ni kijiko kimoja cha hii. Mkono wako hauna kosa."

Akachukua chupa, akatia kijiko kimoja kwenye mchuzi uliokuwepo, akaacha uchemke. Akaonja. Akaonja tena, akiniangalia muda wote, na mimi sikuthubutu kukaa.

"Wapigie watu wa kuku," akasema mwishowe. "Waambie wasije. Na mtungi wenyewe uko wapi?"

Ulikuwa nyuma ya uzio, asikopita yeye. Nilikuwa nimepanda vitunguu ndani yake. Nikatoka kwenda kuving'oa.