Mbu wa Shimo la Tatu

Mwanasaumu alikuwa juu ya kigoda, akikandika ukuta kwa udongo mwekundu ili Idd imkute nyumba yake safi, mgeni asiyemjua alipoegemeza baiskeli kwenye mpapai wake na kupiga hodi. Lilikuwa kumi la mwisho la Ramadhani, mwaka 1958, na kijiji kile, mwendo wa saa mbili kupita Shika Adabu, ng'ambo ya feri ya kisiwani, hakikuzoea wageni wenye viatu vya ngozi.

"Shikamoo, mama. Naitwa Yeslam. Nimetumwa na ofisi ya utafiti wa mbu."

"Marahaba, mwanangu." Mwanasaumu hakushuka. "Huko kisiwani mbu wamewaishia, mwaja kuazima wetu?"

Yeslam alicheka. Alikuwa amehitimu chuo mwaka uliopita, na bado aliamini kwamba jambo likishajulikana sababu yake, nusu ya kazi imekwisha. Kuta za kijiji kile zilikuwa zimepigwa dawa ya mbu mara mbili, na homa haikupungua. Ofisi ilitaka kujua kwa nini. Yeye alitaka kujua zaidi ya ofisi.

Sababu ya kwanza aliiona pale pale, ikidondoka vidoleni mwa mwenyeji wake.

"Mama, dawa iko kwenye ukuta huo. Unaizika."

"Ile iliyotuachia madoa meupe? Nani alituambia tusikandike? Walikuja, wakapiga bomba, wakaenda zao. Idd yaja, mwanangu. Nipokee watu kwenye kuta zenye choa?"

Yeslam akaandika. Kisha akatandika shuka nyeupe chumba kizima, akafunga dirisha, akapiga bomba la pareto na kungoja dakika kumi. Mbu kumi na mmoja walianguka. Aliwaokota kwa kibano, kila mmoja na kichupa chake, na kama ilivyo kawaida ya mbu walioshiba, damu iliyokuwa ndani yao ikaanza kusema kwa sauti ya mwenyewe. Wanne walilalamikia kiuno kwa sauti ya Mwanasaumu. Watatu walikohoa kama Babu Ishaka wa nyumba ya pili. Wanne waliobaki walicheka kwa sauti ya Dhahabu, bintiye Mwanasaumu wa miaka saba, ambaye alisogea, akasikiliza, akasema kwamba yule wa mwisho anamuiga vibaya.

"Mlizaliwa wapi?" Yeslam aliwauliza.

Wote kumi na mmoja walijibu kwamba walizaliwa shimo la tatu.

Mashimo yalikuwa ishirini na saba, nyuma ya minazi. Kontrakta mmoja alichimba mawe ya kujengea mjini, akaondoka bila kufukia hata moja. Kila masika yalijaa maji. Kijiji kilikuwa kimepeleka maombi mara tano.

Dhahabu alishikwa na homa mkesha wa Idd. Siku ya tatu walimlaza kwenye machela kumpeleka zahanati ya Likoni, na akafa kabla hawajafika Shika Adabu.

Yeslam alipokuja kutoa mkono wa tanzia, Mwanasaumu hakumwuliza habari za dawa wala za ukuta.

"Vile vichupa vyake vingali vyasema?"

"Vitatu vimenyamaza. Kimoja bado."

"Niletee."

"Nitakileta siku ya arobaini, inshallah."

"Usinipe inshallah ya watu wa mjini. Niambie utaleta."

"Wallahi, mama, nitakileta."

Ofisini kichupa kilikaa rafuni, kikiita mchana kutwa: "Mama, adhuhuri bado?"

"Adhuhuri ya nini, bwana?" aliuliza Odhiambo, karani. "Tangu Jumatatu sijamaliza barua moja."

"Alikuwa akifunga nusu siku, kama watoto wafanyavyo. Anangoja aambiwe ale."

Odhiambo akatazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa nane. "Imeshapita, mtoto," akakiambia kichupa. Kichupa kikauliza tena. Hakikuwa kimemwuliza yeye.

Yeslam aliandika ripoti ya kurasa kumi na nne. Mkubwa wa ofisi aliisoma yote, akasikiliza kila kichupa kwa adabu, kisha akapiga mstari juu ya kurasa za mashimo. Mawe ya ofisi yenyewe yalitoka huko. Ukurasa wa kukandika kuta aliuacha.

"Huu unatosha. Sababu ni mila za wenyeji."

"Bwana, mbu wamelitaja shimo lenyewe."

"Nimewasikia."

Yeslam aliandika upya mara tatu, na mara tatu ukarudi ukurasa mmoja. Akaomba kichupa. Mkubwa akamweleza kwamba vielelezo havitoki ofisini, na anayekitoa kimoja hana kazi tena. Alisema bila ubaya, kama mtu anayetaja saa ya feri.

Asubuhi ya siku ya arobaini Yeslam aliweka funguo na bomba mezani kwa Odhiambo, akatia kichupa kwenye mfuko wa shati.

"Mama yako na wadogo zako wanakutegemea wewe, Yeslam."

"Wananitegemea."

Odhiambo akafikiri. "Basi kizibe kwa mkono ukipita langoni."

Kwenye feri abiria mmoja alisikia swali likitoka mfukoni. Akalitazama jua, akajibu kwamba imekaribia.

Mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima, na mashimo yote ishirini na saba yalikuwa yamejaa hadi ukingoni, yakimeremeta. Nyumbani kwa Mwanasaumu watu walikuwa wakisoma khitma. Alikipokea kichupa kwa mikono miwili, akakiweka sikioni.

"Mama, adhuhuri bado?"

"Tayari, mwanangu. Kula."

Kichupa kikanyamaza, na wasomaji wakaendelea na juzuu iliyofuata.