Ndani ya Taraske

Taraske yetu ilikuwa na urefu wa mita tatu na nusu na uzito wa kilo arobaini na sita. Nilipima vipande vyake mwenyewe kabla havijaungwa, kwa sababu Mama Agathe alisema ni nyepesi tu, fundi akasema haizidi mtoto wa shule, na mimi ndiye niliyetakiwa kubeba nusu yake.

Taraske ni joka la kusini mwa Ufaransa. Watu wa kando ya mto Rhône walisimulia kwamba lilizamisha mashua na kula abiria, hadi Mtakatifu Marta alipolinyunyizia maji ya baraka, akalifunga kwa mshipi wake na kuliongoza mjini kama mbuzi. Wachongaji wa makanisa hulionyesha miguuni pake: kichwa cha simba, gamba la kobe, miguu sita. Mama Agathe alipewa picha yake utotoni, Bukavu, na sista mmoja Mfaransa. Alipofika Durban akaanzisha chama cha akina mama wa Mtakatifu Marta, na kila mwaka, Jumamosi iliyo karibu na Julai ishirini na tisa, chama hulitembeza joka kutoka uani kwake Cato Manor hadi kanisani, kilomita moja na nusu ya mlima. Mlangoni mwa kanisa waumini hulipiga kwa fimbo. Ndivyo kisa kinavyoisha: joka limeshatulia, watu wanaliua.

Fundi wetu, Papy, hutengeneza mageti ya kuzuia wezi kule Queensburgh. Mwaka uliotangulia upepo ulilifunua joka katikati ya barabara, watoto wakaona wanaume wawili waliovaa kaptura, na kicheko kiliendelea mpaka ndani ya misa. Papy aliapa kwamba halitafunuka tena. Alilitengeneza kama anavyotengeneza geti: fremu ya vyuma, mabati juu yake, turubai lililoshuka karibu na ardhi, na kila mbebaji ndani ya kizimba chake kilichofungwa kwa nati nne. Nati zilikuwa nje. Spana, namba kumi na tatu, ilikuwa mfukoni mwa Papy, ambaye angetembea pembeni yetu njia nzima.

Nilimuuliza itakuwaje akiondoka.

"Niondoke niende wapi, Ladi? Mimi ndiye fundi."

Mbele alikaa Alain, mtengeneza simu, Mkongo wa Uvira. Miaka kumi iliyopita watu wenye fimbo walimtoa dukani kwake mbele ya wateja, na tangu hapo hakai mahali asipoona mlango. Karatasi yake ya ukimbizi ilikuwa imeisha muda mwezi Machi. Alidai nafasi ya mbele kwa sababu wa mbele huona, kupitia kinywa cha joka. Wa nyuma haoni kitu isipokuwa visigino vya mwenzake na ukanda wa lami wenye upana wa sentimita ishirini, pale turubai linapoishia.

Asubuhi hiyo simu za wote zililia karibu pamoja. Ujumbe wa sauti ulisema kwamba watu wanaotaka wageni waondoke wataandamana Cato Manor saa nne. Nilisema kwamba jumbe kama hizo zilikuwa zimekuja tatu mwezi huo, na mbili zilikuwa za uongo.

"Na ya tatu?" Laurette, mwenye saluni, aliuliza.

"Ya tatu ilikuwa ya kweli."

Mama Agathe alikuwa anajifunga kitambaa kichwani. "Tutatoka saa tatu, saa nne tuko kanisani. Mukiogopa, mubaki. Mimi na nyama yangu tunaenda." Nyama, kwa Kiswahili cha kwao, ni mnyama.

"Nyama yako iko na watu ndani, mama," Alain alisema.

"Na mmoja wao anasema sana. Ingia."

Tukaingia. Papy akakaza nati. Maua yalichelewa kufika, kwa hiyo hatukutoka saa tatu. Tulitoka saa tatu na dakika arobaini.

Mwanzo mambo yalikwenda sawa. Akina mama waliimba, Mama Agathe alitangulia ameshika mshipi wa kitenge uliofungwa shingoni mwa joka, na mkono wa pili ameshika mti wa bendera ya chama. Kulia kwangu niliona viatu vya Papy, vya kazi, kimoja kimetobolewa na cheche kwenye kidole gumba. Tulivuka robot, yaani taa za barabarani. Kisha wimbo ukakatika, upande wa kulia kwanza, halafu wa kushoto, na viatu vya akina mama vikageuka vyote na kukimbia. Vya Papy vilisimama. Vikarudi hatua moja. Vikaondoka.

"Papy!" Alain aliita kwa sauti ya chini.

"Ameenda," nilisema. "Na spana."

"TZ, unaona nini huko nyuma?" Ndivyo wanavyoniita, mimi Mtanzania.

"Naona miguu yako."

"Mimi naona bale watu. Iko wengi."

"Wangapi?"

"Nimekuambia wengi! Unataka nipige roll call? Beko na fimbo." Beko, kwa Kiswahili cha kwao, ni wapo.

Jioni iliyotangulia tulikuwa tumejaribu kukimbia ndani ya joka, kwa mchezo, na tulianguka kwenye hatua ya saba. Ilibidi Papy na wenzake wawili watuinue. Nilifikiri juu ya hilo, na juu ya petroli, kwa sababu turubai lilikuwa la plastiki.

Kupitia fremu nilihisi mshipi bado umekazwa. Maana yake Mama Agathe alikuwa hajakimbia.

"Mama, kimbia," Alain alisema.

"Nyamaza. Nyama haisemi."

Walitufikia. Kupitia ukanda wangu nilihesabu jozi ishirini na tatu za viatu: raba, ndala, buti, na jozi moja ya viatu vyeusi vya mama wa kanisa, na soksi nyeupe. Nyuma yao palikuwa na vingine ambavyo sikuweza kuvihesabu. Harufu ya moshi na jasho iliingia. Mtu aligonga bati juu ya kichwa changu kwa kifundo cha kidole, taratibu, kama anayebisha hodi.

Mwanamume mwenye buti aliuliza kwa Kizulu hiki ni kitu gani. Bandarini, ninakofanya kazi, nimejifunza Kizulu cha kutosha kuelewa. Mama Agathe, ambaye ameuza mboga Durban miaka kumi na minne, alimjibu kwa Kizulu kwamba ni mnyama wa kanisa, wanampeleka kanisani.

"Nani yuko ndani?"

Aliuliza mara moja tu. Turubai la upande wa Alain lilianza kupanda, sentimita kwa sentimita. Niliona ncha ya fimbo iliyokuwa ikiliinua. Niliona pia lami chini ya Alain ikilowa, na maji yakitiririka hadi kwenye soli zangu. Sikuyaona kama aibu.

"Hakuna mtu ndani," Mama Agathe alisema kwa Kizulu, kwa sauti kubwa. "Ndani yuko Shetani. Leo ni siku ya kumpiga. Tunampiga hivi."

Akapiga.

Alipiga kwa mti wa bendera, ambao ni wa mkaratusi, mnene kama kifundo cha mkono. Pigo lilitua kwenye bega la joka, mahali ambapo Alain, ndani, alikuwa ameshika mpini wa kichwa. Nilisikia bati likibonyea, na mara baada yake sauti nyingine, fupi na kavu, ambayo haikuwa ya bati wala ya chuma. Visigino vya Alain viliinuka kutoka ardhini kisha vikashuka. Hakutoa sauti yoyote.

"Pigeni!" Mama Agathe aliwaambia. "Mnaogopa? Shetani huyo!"

Viatu havikusogea. Kisha mmoja akacheka, na mwingine akapiga. Fimbo iliyokuwa inainua turubai iliondoka ili ikatumike juu. Nilihesabu mapigo, kwa kuwa sikuwa na jambo lingine la kufanya: kumi na tisa, ukiacha la kwanza. Mkia uling'oka. Nilisikia fimbo moja ikiingia kinywani mwa joka na kutoka. Mwenye viatu vyeusi alisema kitu kuhusu Yesu na kuwataka wenzake waendelee na safari, sikusikia vizuri. Walikuwa wanacheka kweli, kama watu walio kwenye harusi. Kuliko fimbo, kicheko hicho ndicho kilichonitisha zaidi, kwa sababu kingeweza kuishia popote.

Kiliishia pale robot. Waliteremka wakiimba, na viatu vikapungua hadi nikaona lami tupu.

Mama Agathe hakusogea. Papy alirudi baada ya dakika nne hivi, kutoka nyuma ya ukuta wa jirani. Spana ilimwanguka mara mbili. Alifungua kizimba changu kwanza, ingawa nilimwambia aanze na Alain.

Mkono wa kushoto wa Alain ulikuwa umepinda kati ya kiwiko na kifundo, pasipo na kiungo. Juu ya jicho alikuwa na mchubuko wa ile fimbo ya kinywani. Mama Agathe aliutazama mkono, asiuguse.

"Ni nani alivunja?" aliuliza.

Papy aliangalia chini. Mimi nilikuwa najua, na nadhani ningesema, kwa sababu alikuwa ameuliza. Alain alinitangulia.

"Ni wewe, mama. Pigo la kwanza."

"Nilipiga nguvu."

"Ungepiga polepole, wangejua."

Akina mama hawakurudi. Wimbo wa waandamanaji bado ulisikika kule chini, na hatukuweza kujua kama unaenda mbali au unazunguka. Mbele yetu kulikuwa na mita mia sita hadi geti la kanisa, barabara ya wazi, nyumba zote zimefungwa. Mama Agathe alivua kitambaa chake cha kichwani, akaufunga mkono wa Alain kifuani, akasema twende haraka, tuliache joka hapo.

Alain alitazama ile barabara. Akageuka, akainama, akarudi ndani ya kizimba.

"Papy, funga."

"Unasema nini? Kaka Alain, mkono wako!"

"Nikitembea hivi, bale watu beko naona mimi. Funga."

Kichwa cha joka hakiwezi kubebwa na mtu mwenye mkono mmoja. Uzito wote huangukia mbele. Nilimwambia hivyo. Kupitia matundu ya mabati nilimwona akishika mpini kwa mkono wa kulia, macho yamekazwa kwenye lile tundu la kinywa.

Wimbo ulikuwa unasikika vizuri zaidi kuliko mwanzo. Nikaingia nyuma yake, nikaweka bega chini ya fremu. Papy akafunga nati zote nane, na safari hii Mama Agathe akachukua spana, akaiweka ndani ya blauzi yake.