Bia ya Mashahidi

Shefu wa mtaa kule Kanyosha alituma habari kwamba Ildephonse anadai kiwanja chetu, parcelle kama wasemavyo kule, ni chake. Ildephonse, dalali yule yule aliyetutafutia! Mzee aliyetuuzia amekwisha kufariki. Karatasi ya mauziano tunayo, lakini Ildephonse naye kachomoa yake, na sahihi zinafanana. Shefu akasema karatasi zote mbili ziwekwe kando. Atawasikiliza mashahidi, Jumamosi, palepale kwenye kiwanja.

Wiki nzima chakula hakikunipita. Sisi si matajiri. Mume wangu Rachidi ni fundi wa magari hapa Buyenzi, mimi nashona nguo. Kule Kanyosha tulianza na chumba kimoja chenye mlango wa bati. Akaingia mpangaji, na kodi yake hatukuila. Idi ilipofika na watoto wakataka nguo mpya, niliwashonea za vipande vilivyobaki mezani, kodi ikaenda kununua matofali ya chumba cha pili. Cha pili kikajenga cha tatu. Cha nne sasa kimefika usawa wa madirisha. Wanawake wakiniuliza mtu asiye na kitu anaanzaje, nilikuwa nawaambia anaanza na chumba kimoja, halafu anafunga mdomo asiile kodi. Nilisema kwa maringo, wacha niseme ukweli. Wiki ile maringo yote yaliniisha, nikabaki kuwawaza wanangu bila chumba hata kimoja.

Na kosa lilikuwa la Rachidi. Kule mnunuzi akishalipa, anawanunulia mashahidi bia, anakaa nao, anaonja wa kwanza mbele yao. Wakishakunywa pamoja, majirani wote wanajua kiwanja kimepata mwenyewe. Siku tuliponunua, Rachidi alilipia bia, lakini kukaa akakataa katakata. "Mi sikai pa pombe," akasema, akamwachia Ildephonse azigawe kwa niaba yake. Tukaondoka. Hatujafika hata barabarani nikasikia kicheko kikubwa nyuma yetu. Nilijua ni sisi tunaochekwa, nikanuna hadi Buyenzi. Rachidi akasema waache wacheke.

Sasa nani alimwona Rachidi akionja? Hakuna. Mkono waliouona ni wa Ildephonse.

Jumamosi tulimkuta Ildephonse amefika kabla yetu, viatu vinang'aa. Alikuwa amekwisha kuwaambia wapangaji wetu kwamba mwezi ujao watamlipa yeye. Shefu alikaa kwenye kiti cha plastiki mbele ya chumba cha kwanza, akamwita Anselme, jirani wa ng'ambo ya uzio, ndiye mkubwa wa mashahidi. Anselme hasemi uongo, kila mtu anajua, na hilo ndilo lililonitia hofu zaidi.

"Siku ile nani alionja bière wa kwanza?" shefu akamwuliza.

"Ildephonse."

"Na huyu Rachidi?"

Anselme alimtazama mume wangu kwa huruma. "Sikumuona pa kunywa, shefu. Siwezi kusema nilimuona."

Nikashika ukuta wa chumba cha nne, ukuta wangu mwenyewe, nikaomba Mungu nisianguke.

"Shefu, mi ni Mwislamu," Rachidi akaanza.

"Si ungekunywa Fanta? Nani alikukataza Fanta?"

Wallahi ningemzaba Rachidi kofi kama shefu asingekuwa anatutazama.

Akabaki shahidi mmoja, mama Mawazo, muuza mboga. Shefu alimwuliza kama mtu anayetaka kumaliza aende zake.

"Mi hata sikunywa," mama Mawazo akasema. "Nimeokoka."

Ildephonse akatabasamu. Niliona shefu anaanza kuinuka, nikajua imekwisha.

"Ulikaa tu?" shefu akauliza, mkono umeshika kiti.

"Nilikaa tu. Ildephonse akanipa chupa, nikamuambia apana, mi sinywaka. Akacheka sana." Akamgeukia Ildephonse bila hasira yoyote. "Akasema, 'Mama, we na mwenye parcelle muko sawa. Ye naye amekimbia bière yake!'"

Anselme akainua kichwa polepole.

"Eh! Ni kweli," akasema. "Tulicheka wote. Tena akasema, mwenye parcelle akikimbia, sisi tutamunywea."

"Nilikuwa nachekesha watu tu," Ildephonse akasema.

"Ndiyo," shefu akamwambia. "Na mwenye parcelle uliyekuwa unamucheka ni nani?"

Ildephonse akatazama viatu vyake.

Nililia pale pale, mbele ya wapangaji, bila aibu. Kicheko kile nilikichukia miaka yote, kumbe ndicho kilichotuwekea kiwanja.

Shefu akakaa tena. Akasema bia iletwe upya, leo hii, na kila mtu aone. Mimi mwenyewe nilikimbia dukani, nikiogopa nikirudi nitakuta wamebadilisha maneno. Rachidi akakaa katikati ya chupa za bia, anachungulia barabarani asije akapita mtu wa msikitini kwetu. Akafungua Fanta yake, mdomo wa chupa ukagongana na meno yake, akaonja wa kwanza. Anselme akapiga makofi.

"Twende nyumbani sasa?" Rachidi akaninong'oneza baada ya funda la pili.

Nikamkandamiza bega arudi chini. Safari hii hatukuondoka mpaka chupa ya mwisho ilipoisha.