Upepo kwenye Breki za Shangazi

Pedeli ya breki ilizama mpaka chini, taratibu, bila ubishi, kama ngumi inayoingia kwenye unga uliokandwa. Shangazi akatoa kichwa dirishani.

"Imekwenda kusalimia ardhi," akasema, akaangua kicheko.

Binti wa kaka yake, fundi cherehani, alikuwa amelala chali uani kando ya gurudumu la mbele, chupa ya mafuta ya breki mkononi. Naye akacheka mpaka mafuta yakamtiririkia kwenye kiwiko. Hapakuwa na cha kuchekesha hata kidogo. Saa tisa alasiri Shangazi alikuwa na mtihani wa udereva. Kiwanda cha mikate alikokanda unga miaka kumi na miwili kilimwahidi usukani wa gari la kusambazia mikate, mradi karatasi ya kufaulu ifike kwa meneja kesho asubuhi. Isipofika, usukani anapewa mwingine. Na sasa ilikuwa saa sita.

Balaa walijitafutia wenyewe. Kwenye mtihani uliopita gari lilidunda kama mpira, mtahini akajigonga kichwa kwenye paa, na Shangazi kwa aibu akavuruga kila kilichofuata. Safari hii akaapa kwamba shokapu za mbele zitabadilishwa, na watazibadilisha wao. Mshonaji akatazama video mara nne, wakaanza alfajiri.

Shokapu ziliingia vizuri tu. Ila kuzitoa zile za zamani kuliwalazimu wafungue mipira ya breki inayopitisha mafuta na kung'oa kalipa, vile vyuma vinavyobana diski za magurudumu. Shangazi hawezi kuona kitu kichafu akakiacha kilale. Alizichukua kalipa zote mbili, akazisugua kwa brashi, akazipanga juu ya kitambaa cheupe kama vikombe vya wageni.

Mpira wa breki ukifunguliwa, upepo huingia, na upepo ukiingia, pedeli hulegea. Hilo walilijua. Kwa hiyo walikuwa wakiutoa.

"Kanyaga!"

"Nimekanyaga!"

"Shikilia!"

"Nimeshikilia, mwanangu, mpaka kidole gumba kinalia!"

Mshonaji akalegeza skrubu ndogo kwenye kalipa, mafuta yakatoka na vipovu, akaikaza. "Achia!" Walikwenda hivyo kulia na kushoto, hata vipovu vikaisha, mafuta yakatoka safi kabisa. Pedeli ikazama vilevile.

"Upepo umekwisha, Shangazi. Nimeuangalia kwa macho yangu."

"Basi umebaki kwangu."

Wakacheka tena, kicheko kile cha kushika mbavu na kuombana msamaha. Kisha cha Shangazi kikakatika ghafla.

"Nimpigie tu meneja," akasema kwa sauti ndogo. "Ampe huyo mwingine."

Mshonaji hakuwahi kumsikia Shangazi na sauti ndogo. Ilimtisha kuliko pedeli. Akarudi chini haraka, akanyoosha shingo kuitafuta ile skrubu, shingo ikamuuma. Hapo akasita. Asubuhi, kabla ya kung'oa chochote, alikifuta tope kikofia cha skrubu hiyohiyo akiwa amechuchumaa, wala hakuinama. Sasa mbona analala chini?

"Shangazi! Upepo hukimbilia juu au chini?"

"Juu. Swali gani hilo?"

"Sisi tunautolea chini! Kalipa ya kulia tumeifunga kushoto, ya kushoto kulia. Skrubu zimegeuka chini. Upepo umekaa juu unatutazama, sisi tunamwaga mafuta tu!"

Shangazi akakitazama kile kitambaa cheupe, kisha akatazama kucha zake.

"Lakini zilikuwa zinang'aa. Sema kweli."

Wakazibadilisha mbiombio, wakigongana vichwa. Skrubu ilipofunguliwa safari hii vipovu vilitoka kama maji ya chai yanayochemka. Shangazi akakanyaga, pedeli ikamgomea juu, ngumu kama jiwe, akapiga kelele mpaka jirani akafungua dirisha. Wakalipeleka gari mbele na nyuma uani mara ishirini, wakakagua kila mpira. Hapakuvuja hata tone.

Saa tisa mshonaji alikuwa amesimama nyuma ya uzio wa uwanja wa mtihani, karibu na mstari ambapo magari husimamishwa. Mtahini alikuwa yuleyule. Aliingia garini mkono mmoja umeshika paa. Gari likapita tuta la kwanza, la pili, la tatu, laini kabisa, na ule mkono ukashuka taratibu.

"Simama!"

Gari likasimama. Kofia ya mtahini haikusimama. Iliruka ikapiga kioo cha mbele, ikamrudia mapajani.

Mtahini akaivaa kofia, akaandika kitu, akachana karatasi akamkabidhi Shangazi, akafungua mlango.

"Umefaulu, mama," akasema. "Ila mimi nashukia hapahapa. Ofisini nitafika kwa miguu."

Shangazi akajilaza juu ya honi kwa kicheko, na mtahini akaanza kukimbia.