Utukufu wa Mama Daphrose

Katika parokia ile ndogo iliyopakana na soko la Jabe, mjini Bujumbura, kila mtu alijua kwamba sauti ya Mama Daphrose ilikuwa imekwisha, isipokuwa Mama Daphrose mwenyewe. Waliomkuta ujanani walisema ilikuwa sauti ya kumfanya mtu asahau alichokuja kuomba. Lakini miaka iliikwaruza na kuipasua, na ilipofika mwaka wa pili wa vikwazo vya nchi jirani, wakati petroli ilikuwa adimu na wakubwa kwa wadogo wanakwenda kazini kwa miguu, kilichobaki kooni mwake kilikuwa kitu kingine kabisa.

Massoudi, fundi wa magari ambaye gereji yake ilitenganishwa na kanisa kwa ukuta mmoja tu, alikuwa Mwislamu mwenye adabu; Jumapili hakugonga nyundo mpaka Wakristo wamalize. Siku moja mteja alimletea gari akilalamika kwamba mkanda wa injini unalia. Massoudi akatega sikio, akasikiliza sana, kisha akamwomba mteja wangoje Misa iishe ndipo wajue kama kweli ni mkanda.

Mwenye kuubeba mzigo huo alikuwa Maxime, mwalimu wa kwaya. Maxime alikuwa karani katika ofisi moja ya serikali kule Kigobe. Jumatano na Ijumaa alitoka kazini akashuka kwa miguu mpaka Jabe, viatu vimejaa vumbi, awafundishe waimbaji haraka haraka ili kila mtu awe amefika kwake kabla ya kuvre-fe, ile saa ya usiku ya kukatazwa kutembea. Alikuwa kijana mpole, mwembamba, asiyeomba mengi duniani: alitaka tu sauti nne, kila moja ikae mahali pake. Angekwisha kumwambia Mama Daphrose zamani, ila mama huyo ndiye aliyemfundisha katekisimu utotoni, kwa rula. Hata sasa, akiwa mtu mzima mwenye tai, alipomwona akiingia na kitenge chake cha Bikira Maria, vidole vyake vilijikunja vyenyewe.

Concilie, mwenyekiti wa kwaya, hakuwa na huruma hizo. Aliuza ndagala sokoni, na samaki aliyeanza kunuka alimtoa kwenye sinia bila kumwomba radhi. Lakini hata yeye hakuthubutu kusema wazi, kwa hiyo alibuni ujanja. Alishauri Mama Daphrose apewe cheo cha Mlezi wa Kwaya, na kiti chake mwenyewe mbele kabisa, mbali na waimbaji. Cheo kilitangazwa, makofi yakapigwa, Mama Daphrose akashukuru kwa machozi. Jumapili iliyofuata alibeba kile kiti, akakipandisha kwenye jukwaa la kwaya, akaimba akiwa ameketi. Alisema kukaa kunampa pumzi zaidi, na kweli pumzi ilikuwa imeongezeka.

Basi Maxime akaona amfuate Padri Zénon. Padri alimsikiliza mpaka mwisho, akakubali kwamba jambo ni zito, akasema ataliweka mbele ya Mungu. Maxime akauliza kama hangeweza pia kuliweka mbele ya Mama Daphrose. Ilibidi Padri aeleze kwamba kanzu zake zote za Misa hupigwa pasi na mama huyo, na kwamba hakuna mwingine parokiani anayejua kunyoosha zile lesi za chini.

Hivyo Jumamosi Maxime alijipa moyo akaenda mwenyewe. Jumamosi akina mama walisafisha kanisa. Wengine walifagia uani, na ndani alikuwamo Mama Daphrose peke yake, akipanga maua mbele ya altare. Maxime alisimama nyuma yake. Hotuba yote aliyoiandaa njiani ikamtoka kichwani. Akasema kwa sauti ya chini, kama mtu aliye kwenye kiti cha maungamo:

"Mama, kesho tunaomba usiimbe Utukufu."

Mama Daphrose aliacha maua. Akageuka polepole, akamtazama kama haamini.

"Mi peke yangu?"

Swali lile lilimchoma Maxime moyoni. Lakini alikuwa amekwisha kuanza.

"Ndiyo, Mama. We peke yako."

Macho ya mama yakajaa maji. Maxime naye akasikia pua inawasha, akaanza kutafuta leso. Mara mama akamshika kichwa kwa mikono miwili, akambusu kwenye paji la uso, akamwambia kwamba miaka yote hii alikuwa anangoja mtu amwombe hivyo, kwamba alikwisha kudhani vijana wamemsahau, na kwamba Utukufu huo atauimba hata malaika washike tama. Kabla Maxime hajaipata leso yake, mama alikwisha kutokea uani, na sauti yake ikasikika ikiwatangazia wafagiaji kwamba kesho ataimba Utukufu peke yake, kwa ombi la mwalimu.

Hapo ndipo Maxime alipotambua kwamba Mama Daphrose hasikii sawasawa, na kwamba huenda hata hiyo sauti yake hajaisikia tangu zamani.

Concilie alifika mbio, ndala moja mkononi, akamwuliza kama ameingiwa na wazimu. Maxime akaapa kwamba alisema "usiimbe". Concilie akamwambia basi aende akaseme tena, kwa nguvu. Maxime akachungulia uani. Mama Daphrose alikuwa anacheza na ufagio. Maxime akarudi ndani akamalizia kupanga maua.

Jumapili kanisa lilijaa, maana habari ilikuwa imezunguka Jabe nzima, na wako waliokuja kwa ubaya. Marcellin, mwenye besi nene kuliko wote, alikuwa amejaza pamba masikioni na hakuificha. Padri Zénon alianza Misa kwa haraka isiyo yake. Ulipofika wakati wa Utukufu, Maxime alikaa kwenye kinanda akambonyezea mama noti ya kuanzia. Mama Daphrose akainuka kwenye kiti chake cha ulezi, akafumba macho, akaikosa noti ile kwa mbali sana, akaanza.

Miaka ile ya vita watu wa Bujumbura walikuwa na masikio yaliyosoma. Risasi moja ya mbali haikukatisha hata mahubiri. Watu walikadiria tu ni mtaa gani, wakaendelea kupiga miayo. Lakini kabla Mama Daphrose hajamaliza mstari wa pili, kitu kizito kilianguka mahali fulani juu kilimani, Kiriri, madirisha yakatetemeka, kikafuata kingine, kisha bunduki zikaitikia kutoka pande zote kama jumuiya inayosali litania.

Kanisa zima likashuka chini kwa pamoja. Ingekuwa ni kwaya, Maxime angewasifu, maana hakuna aliyechelewa. Kina mama waliingia chini ya mabenchi na watoto wao na watoto wa wenzao. Padri Zénon alitoweka nyuma ya altare, ikabaki ncha ya lesi iliyopigwa pasi vizuri. Marcellin, kwa pamba zake, alisimama kidogo akishangaa wenzake wamekwenda wapi, mpaka Concilie akamvuta suruali. Maxime mwenyewe alijikuta chini ya kinanda, magoti yamegusa kidevu, hajui amefikaje.

Na Mama Daphrose alikuwa anaimba. Alisimama wima, macho amefumba, mikono ameinyoosha. Maxime alitambaa akamvuta upindo wa kitenge. Mama, bila kufumbua macho, akampiga kofi mkononi, maana alidhani mwalimu anamharakisha, na yeye hataki kuharakishwa. Maxime akarudi chini ya kinanda.

Sauti ile iliyochanika ikaendelea kupanda juu ya milio yote, na ajabu ni kwamba kwa mara ya kwanza ililingana na kitu. Alipofika kwenye "utuhurumie", Marcellin akajibu kutoka chini ya benchi, kwa besi iliyotikisa mbao. Mara ya pili wakajibu watu watatu wanne. Mara ya tatu kanisa zima lililolala kifudifudi likaimba "utuhurumie", na katika miaka yake yote ya kufundisha, Maxime hakuwa amewahi kusikia neno lile likiimbwa na watu wanaolimaanisha hivyo. Akasahau kuogopa. Akagundua anawapigia mapigo kwa kidole, kwenye sakafu.

Mwisho wa wimbo ulikuta bunduki zimenyamaza. Mama Daphrose aliimba Amina ndefu, akashusha mikono, akafumbua macho. Akaona parokia yote imelala chini mbele yake, wengine wakilia. Padri alikuwa anajitokeza nyuma ya altare akitambaa, utando wa buibui nyweleni.

Mama Daphrose akaketi, akajifuta machozi kwa kitenge.

Hakuna aliyemwambia habari ya risasi. Padri aliendelea na Misa, na siku hiyo hakuhubiri kabisa. Jioni ilijulikana kwamba makombora yameangukia migomba tu, na mzee mwenye shamba hilo akawa analalamikia ndizi zake kwa kila aliyepita. Sokoni, hadithi ilikwisha kuota miguu: mara mama amezizuia risasi kwa mkono, mara zimempita kitengeni. Massoudi, aliyelala Misa yote chini ya gari la mteja, alimwambia Maxime kwa upole kwamba injini kama ile haifai kuzimwa.

Jumatano, Mama Daphrose alifika kwenye mazoezi kabla ya wote. Alikuta Maxime anafuta vumbi kwenye kinanda. Alisimama karibu naye, sikio amelitega mbele, akasema mpwa wake Elvire amemweleza yote kwa kelele.

"Inaonekana Jumapili kulikuwa risasi."

"Ndiyo, Mama," Maxime akajibu kwa nguvu.

"Kumbe mulilala chini apana sababu ya wimbo."

Maxime alifikiri. "Wengine," akasema.

"Na we ulikuwa wapi?"

Akaonyesha chini ya kinanda. Mama Daphrose aliinama akapatazama pale mahali, akampima Maxime kwa macho kuanzia kichwani hadi miguuni, akapatazama tena, kisha kicheko kikampata, kicheko cha kumfanya mtu ashike ukuta. Alipotulia akauliza Jumamosi ile mbele ya maua alimwambia nini hasa. Maxime akahisi vidole vinajikunja. Akavuta pumzi, akasema kwa sauti iliyofika mpaka gereji:

"Nilisema usiimbe."

Upande wa pili wa ukuta nyundo ya Massoudi ikanyamaza. Mama Daphrose alitengeneza fundo la kitenge. Hakukasirika. Alisema sauti yake mwenyewe kweli amekuwa akiikumbuka kuliko kuisikia, na kwamba angalau mutoto huyu amesema, ingawa amechelewa. Halafu akamweleza uamuzi wake: sasa hawezi kuacha, maana watu wangesema ameogopa. Ataacha siku vita itakapokwisha.

Maxime alikuwa mtu wa sala za kawaida, asubuhi na jioni, bila mbwembwe. Tangu Jumatano ile aliiombea nchi yake amani kwa bidii iliyomshangaza hata Padri Zénon, ambaye alimtaja kama mfano kwenye mahubiri, naye Maxime akaona haya kueleza sababu.

Jioni ile ile ya Jumatano waimbaji wengine wakaanza kuingia, Concilie mbele akinuka ndagala, Marcellin nyuma yake akiuliza kama kuna mtu mwenye pamba. Mama Daphrose alikwisha kukaa kwenye kiti chake. Akamwambia mwalimu waanze na Utukufu, na mara hii aupige polepole.