Bamba la Kumi na Mbili

Aliyeleta kazi ile alikuwa afisa ununuzi wa chuo cha ufundi, mtu wa maneno machache, miwani inaning'inia kifuani. Alitaka mabamba kumi na mawili ya alumini, kila moja na sura ya mwasisi mmoja wa uhandisi, yapambe ukuta wa ukumbi mpya. Picha na maandishi vilikuwa kwenye flashi. Mchapaji aliipokea kwa mikono miwili, maana mashine yake ilikuwa imechoshwa na vibao vya milango na sura za maharusi.

Picha huchapwa kwanza kwenye karatasi maalumu, karatasi inalazwa juu ya bamba, vyote vinabanwa ndani ya mashine ya joto. Ukibandua baada ya dakika chache, sura imeshaingia, haitoki kwa maji wala kwa kucha. Kwa siku mbili mwanamke yule alibandua wazee wenye ndevu kama mafagio: huyu wa madaraja, huyu wa reli, huyu wa injini ya mvuke.

"Hakuna hata mmoja anayecheka," alimwambia jirani yake, fundi fremu.

"Wangecheka saa ngapi, na hesabu zile?" fundi akajibu.

Siku ya tatu alifungua picha ya mwisho, akavuta kiti akakaa.

Pichani alikuwa mwenyekiti wa baraza la chuo, mhandisi mstaafu, enzi za ujana wake, kasimama kando ya pampu ya mkono. Chini pameandikwa: "Mbunifu wa pampu ya visima virefu." Nyuma yake palikuwa na dirisha lenye kioo kilichopasuka kona. Kioo hicho mchapaji alikijua vizuri, alikipasua mwenyewe kwa mpira akiwa na miaka saba, akachapwa. Na begani kwa mhandisi vilitua vidole vinne, kimoja hakina ncha. Mwenye vidole hakuwemo. Alikuwa amekatwa.

Vilikuwa vidole vya baba yake.

Baba alikuwa fundi wa kukereza vyuma, na pampu ile aliibuni uani kwake, akiichora kwa chaki sakafuni, akifuta kwa kiganja na kuchora upya, mpaka mama akalalamika kwamba hapakanyagiki. Mhandisi alikuwa kijana wa ofisi ya maji aliyetumwa kuja kuitazama. Aliipenda, akaihamishia kwenye karatasi, akaondoka nayo. Picha ilipigwa siku maji yalipopanda mara ya kwanza. Nakala yake ilikuwa moja tu, na miezi mitatu iliyotangulia kaka wa mchapaji, mwalimu wa chuo hichohicho, alikuja nyumbani kuiomba.

"Baba, wanataka kukuweka ukutani," ndivyo alivyosema.

Mzee hakuwa mtu wa kujikweza, lakini tangu siku hiyo alinyoa ndevu kila asubuhi, na majirani wote walikuwa wameshajua tarehe ya uzinduzi.

Mchapaji alifunga duka mchana kweupe, akaenda chuoni. Kaka yake alikuwa chumba cha walimu, peke yake, anasahihisha mitihani.

"Kaka, picha ya baba iko wapi?"

"Si iko ofisini? Niliipeleka."

"Uliipeleka nzima?"

Kaka akafunika kalamu yake taratibu. "Kumbe kazi imekuja kwako."

"Nimekuuliza, nzima?"

"Walitaka mtu mmoja kwa kila bamba, mdogo wangu. Na kwenye makaratasi yote jina lililopo ni la mwenyekiti. Baba hana hata cheti. Ningesimama mbele ya baraza niseme nini?"

"Ulichokiona. Ulikuwa na miaka kumi na miwili, ulimshikia baba chaki."

Kaka alipanga karatasi ambazo tayari zilikuwa zimepangika. "Mwezi huu wanachagua mkuu wa idara," alisema kwa sauti ya chini.

"Kipande cha baba kiko wapi?"

"Nilikata kwa mkasi. Sikujua kama kitatakiwa tena."

"Kiko wapi, kaka?"

"Sikukiweka."

Mchapaji aligeuka akatoka. Kama picha ingekatwa kwenye kompyuta angeelewa, ingeweza kurudishwa. Lakini mkasi ulishikwa na mkono, mkono wa mtoto wa kwanza, na jicho lilikuwa linaangalia unapopita.

Alikwenda nyumbani, akamkuta baba kibarazani, anapiga rangi viatu. Alikaa mbele yake akamweleza yote bila kupunguza, kwa sauti ya juu, kwa sababu mashine zilishamla mzee masikio. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, brashi mkononi.

"Amekata yeye mwenyewe?"

"Yeye mwenyewe, baba."

"Hakutumwa na yule mhandisi?"

Binti alitamani kusema ametumwa. "Hakuniambia hivyo."

Mzee alitikisa kichwa. "Yule wa ofisini nilimsamehe zamani, mama. Alikuwa mtu baki." Akakamilisha kiatu cha pili, akavirudisha vyote kwenye boksi.

Mchapaji alikabidhi mabamba kumi na moja. Afisa ununuzi alipouliza la mwisho, alimwambia wazi kwamba sura aliyoletewa ni nusu ya picha, na yeye hachapi nusu. Afisa alivaa miwani, akamtazama, akaivua. Bamba lilichapwa duka jingine na siku ya uzinduzi lilikuwa mahali pake. Wageni walipiga makofi. Mtu aliyehudhuria alisema vidole vile walivifuta, bega limebaki safi.

Kaka alipata ukuu wa idara. Wiki ya pili alikuja nyumbani na kuku wawili, akitafuta pa kuanzia. Baba alimkaribisha ndani, akamsogezea kiti kizuri, akamuulizia wajukuu mmoja mmoja. Hakugusia picha. Mchapaji, aliyekuwa jikoni, alidhani yameisha, akaanza kumimina chai ya watu watatu.

Ndipo akamsikia mzee akisema, kwa upole kabisa, kama anavyoongea na wageni wa heshima:

"Kunywa chai, mwalimu. Isije ikapoa."

Mpaka leo hajamwita tena 'mwanangu'.